Miezi sita na Glock 19: tathmini ya mmiliki wa mara ya kwanza

Nimekaa na Glock 19 ya kizazi cha 5 kwa muda wa miezi sita. Katika muda huo nimefyatua kwayo risasi zipatazo 900, nimeifungua na kuisafisha baada ya kila siku ya mazoezi, na nimeyajua mengi kuhusu mikono yangu ambayo sikutarajia bastola inionyeshe. Hii ndiyo silaha ya moto ya kwanza kuwa mali yangu. Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi mwanzoni: anayeshughulikia leseni au aliyekwisha kuipata, aliyelisikia jina la Glock kila alikouliza, na ambaye angependa kujua bastola hiyo ikoje inapokuwa katika mikono ambayo haijazoea.

Nilipoitoa ndani ya sanduku lake nilishangazwa na mlio wake. Fremu, yaani sehemu ya chini inayobeba mpini, kifyatulio na magazini (kile kikasha cha risasi), ni ya polima, yaani plastiki ngumu, nyeusi isiyong'aa, na ukiigonga kwa ukucha inatoa mlio mzito usio na mwangwi, kama wa ndoo ngumu ya plastiki. Kwa mtu aliyekua akiamini kwamba silaha madhubuti sharti iwe chuma kitupu, mlio huo unatia shaka. Shaka hiyo iliniondoka nilipoifungua na kutazama ndani, kwa maana katika polima hiyo mmepachikwa reli nne fupi za chuma, mbili mbele na mbili nyuma, na ni juu ya reli hizo ndipo kipande kirefu cha juu, ambacho walenga shabaha hukiita slaidi, huenda na kurudi. Slaidi ni ya chuma, mtutu ni wa chuma, springi ni za chuma. Uvumi ulioenea miaka ya 1980 kwamba bastola hii inaweza kupita katika mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege bila kuonekana haukuwa na msingi wowote, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wake ni chuma.

Polima inachokupa hasa ni wepesi. Bastola yenye magazini tupu ina uzito wa takribani gramu 670, na magazini ikijazwa risasi zake 15 uzito hufika gramu 855 hivi, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito unaoubeba kiunoni ni risasi zenyewe. Tofauti hiyo unaihisi mapema kuliko ulivyodhani, kwa kuwa bastola iliyojaa inakaa mkononi kwa namna moja na ile iliyobakiwa na risasi mbili inakaa kwa namna nyingine kabisa. Mdomo unaanza kuwa mzito kuliko mpini. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia jambo hilo, na ilinichukua siku mbili za mazoezi kuelewa kwa nini risasi zangu za mwisho katika kila magazini hazikuwa zikifuata za mwanzo.

Historia yake inasaidia kueleza umbo lake. Gaston Glock hakuwa mfua bunduki. Kampuni yake, iliyoanzishwa mwaka 1963 huko Deutsch-Wagram karibu na Vienna, ilikuwa imezoea kazi za plastiki na chuma, vikiwemo visu vya askari, wakati jeshi la Austria lilipoanza kutafuta bastola mpya. Mwaka 1982 jeshi hilo likaichagua Glock 17 na kuipa jina la P80. Haikuwa bastola ya kwanza duniani kuwa na fremu ya polima, kwani Heckler & Koch walikwisha kuitoa VP70 mwaka 1970, lakini ndiyo iliyowafanya watu waikubali polima. Glock 19 ilifuata mwaka 1988 ikiwa ni ile ile iliyofupishwa: mtutu wa milimita 102 badala ya 114, na risasi 15 badala ya 17. Mimi naamini kwamba ugeni wa Glock katika kazi hii ulikuwa baraka, kwa sababu mtu aliyezaliwa katika ufundi wa bunduki asingethubutu kuacha vitu vingi kiasi hicho.

Kitu kikubwa alichokiacha ndicho kinachomtia mnunuzi mpya wasiwasi, na mimi nilikuwa nao. Bastola hii haina loki ya ubavuni ya kusukumwa kwa kidole gumba. Vizuizi vyake vya usalama ni vitatu, na vyote vinategemea kifyatulio. Katikati ya kifyatulio mna ulimi mwembamba. Usipobonyezwa na kidole kilichokaa sawasawa, kifyatulio hakirudi nyuma, hivyo kukigusa kwa ubavu hakutoshi. Ndani ya slaidi mna kizuizi cha pili, kinachofunga njia ya pini inayogonga fataki ya risasi. Cha tatu kimo nyuma ya fremu, nacho huizuia pini hiyo isiachiliwe bastola ikianguka. Vyote hufunguka kimoja baada ya kingine kadiri kidole kinavyovuta, na hujifunga vyenyewe mara kidole kinapoachia.

Mpango huo ni wa akili, nami nimeukubali kwa moyo wote, lakini mnunuzi ni lazima aelewe unachosema na usichosema. Unasema kwamba bastola haitalia kwa kuanguka, kwa kutikiswa au kwa kugongwa. Hausemi kwamba haitalia kifyatulio kikivutwa, na kifyatulio hakijui tofauti kati ya kidole na kitu kingine. Jioni moja, bastola ikiwa tupu na risasi zote zikiwa chumba kingine, nilikuwa nikifanya mazoezi ya kuitoa na kuirudisha katika ala yake, nikahisi kitu kinagoma. Nilisimama, nikatazama, nikaona kamba ya koti langu, ile yenye fundo mwishoni ya kukazia kiuno, imeingia ndani ya kikingio cha kifyatulio na fundo limelala juu ya ule ulimi. Laiti ningesukuma kwa nguvu, kamba ingefanya kazi yote ya kidole. Tangu siku hiyo naitazama ala kwa macho kila ninapoirudisha bastola, siisukumi kwa haraka, na zile kamba nimezikata.

Kwa sababu hiyo, ala isihesabiwe kuwa pambo la kununuliwa baadaye. Kwa bastola ya namna hii, ala ni sehemu ya mfumo wa usalama. Iwe ya polima ngumu au ya ngozi nene iliyofinyangwa kwa umbo la bastola yenyewe, ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikiwa imetolewa. Mifuko laini ya kitambaa inayouzwa kwa madai kwamba inafaa bastola za kila aina sitamshauri mtu yeyote aiguse. Pamoja na ala, nunua sanduku la chuma lenye kufuli kabla bastola haijafika nyumbani. Ikiwa nyumbani mna watoto, kufuli hilo ni la lazima, hata kwa ile dakika moja unayokwenda kufungua mlango.

Sasa nije uwanjani, ambako ndiko bastola hupimwa. Siku ya kwanza nilifyatua risasi 50 kwa umbali wa mita 7. Natumia mkono wa kulia, na karibu risasi zote ziliingia chini na kushoto ya pale nilipolenga, zikiwa zimekusanyika vizuri tu, jambo lililonifanya niamini kwamba vilengeo vimepinda. Nilimwambia mkufunzi hivyo. Hakubishana nami. Alichukua magazini yangu, akanipa mgongo, akaipakia na kunirudishia bila kusema amefanya nini. Nikafyatua risasi mbili. Ya tatu haikulia. Palisikika kugonga kidogo tu kwa pini, na katika ukimya huo nikauona mdomo wa bastola ukizama chini na kushoto, kama ndege anayeinama kunywa maji. Alikuwa amechanganya risasi bandia na za kweli. Mkono wangu ulikuwa ukiusukuma mdomo chini kabla ya mlipuko, kwa kuuogopa msukumo ambao ulikuwa bado haujatokea, na bastola ilikuwa ikipeleka risasi pale hasa nilipokuwa nikiielekeza.

Sioni haya kulisema hilo, kwa kuwa nimeona wamiliki wapya wengi wakibadilisha vilengeo, kifyatulio na hata bastola nzima kwa ajili ya kosa lile lile. Dawa niliyopewa haigharimu kitu. Kila jioni, baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani nyumba ya risasi nyuma ya mtutu, ni tupu, naweka ganda tupu la risasi juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, naelekea ukuta imara usio na mtu nyuma yake, kisha navuta kifyatulio taratibu hadi pini igonge. Ganda likianguka, mkono umetikisika. Wiki ya kwanza lilianguka karibu kila mara. Sasa hukaa mara nane au tisa katika kumi.

Mazoezi hayo ndiyo yaliyonifundisha kukijua kifyatulio. Kinahitaji nguvu ya takribani kilo 2.5, nacho si laini kama vya bastola za mashindano. Mwanzo wake ni mwendo mwepesi wa kulegea, kisha unagota kwenye kitu kama ukuta, kisha ukizidisha nguvu kidogo kinaachia. Wapo wanaokilalamikia kwamba ni kama kuvuta springi ya kalamu. Maneno hayo yana ukweli. Mimi kinanipendeza kwa sababu kila mvuto unafanana na uliotangulia, wa kwanza na wa mia. Baada ya risasi, huhitaji kukiachia kidole chote: kilegeze polepole hadi usikie na kuhisi mgoto mdogo wa kifyatulio kujipanga upya, na kutoka hapo uko tayari kwa risasi inayofuata. Kuujua mgoto huo kuliipunguza haraka yangu kuliko ushauri wowote wa maneno.

Msukumo wa kurudi nyuma ni wa wastani. Risasi ya 9×19, yaani ya kipenyo cha milimita 9 na ganda la milimita 19, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20, si kali, na mtutu wa Glock hukaa chini sana karibu na mkono, hivyo bastola husukuma nyuma zaidi ya inavyoruka juu. Hata hivyo inadai kifundo cha mkono kigumu. Utaratibu wake ni kwamba slaidi na mtutu hurudi nyuma pamoja kwa umbali mfupi, mtutu unashuka na kujitenga, kisha slaidi inaendelea peke yake, inalivuta ganda na kulitupa nje, na ikirudi mbele inabeba risasi mpya. Kazi hiyo yote inahitaji fremu ishikwe imara. Mkono ukilegea, fremu hurudi pamoja na slaidi, na slaidi inaishiwa nguvu kabla ya kumaliza safari.

Katika risasi hizo 900, bastola yangu imekwama mara mbili, zote zikiwa siku moja na katika dakika za mwisho za mazoezi marefu, wakati mkono wangu ulipokuwa umechoka na nilikuwa nikijaribu kufyatua kwa mkono mmoja. Mara zote mbili ganda lilisimama wima kwenye tundu la kutolea maganda, limebanwa na slaidi, likionekana kama bomba la moshi juu ya paa. Niligonga kitako cha magazini, nikavuta slaidi kwa nguvu hadi mwisho na kuiachia, ganda likaruka, nikaendelea. Siku nyingine, nikiwa nimepumzika na kuishika sawasawa kwa mikono miwili, halikutokea tena.

Kosa jingine lililonisumbua lilikuwa hili: slaidi inapaswa kubaki nyuma risasi zikiisha, ili ujue kwamba bastola ni tupu, lakini yangu mara nyingi ilikuwa ikifunga. Nilidhani magazini ni mbovu, nikajaribu nyingine, hali ikawa ile ile. Kumbe kidole gumba changu cha kulia, kwa namna nilivyoshika juu sana, kilikuwa kimelala juu ya kibano kidogo cha ubavuni, kile kinachopanda na kuishikilia slaidi nyuma, na kukizuia kisipande. Kibano hicho kwenye kizazi cha 5 kipo pande zote mbili, jambo jema kwa anayetumia mkono wa kushoto, lakini pia kuna pande mbili za kukikanyagia. Nilishusha kidole kiasi cha upana wa ukucha na tatizo likaisha.

Kizazi hiki cha 5, kilichotoka mwaka 2017, kiliondoa yale mabonde ya vidole yaliyokuwa mbele ya mpini katika vizazi viwili vilivyotangulia. Nimewahi kushika ya kizazi cha 3 ya rafiki yangu, na vidole vyangu vilikalia matuta badala ya mabonde, hivyo nasema bila kusita kwamba mabadiliko hayo ni mazuri. Sandukuni zimo pia pande za nyuma za mpini za kupachika kwa mikono mikubwa. Nilizijaribu zote na kurudi kwenye mpini mtupu.

Magazini zikiwa mpya ni ngumu kupakia. Risasi ya 14 na ya 15 zinaumiza kidole gumba kweli kweli, na kile kifaa kidogo cha plastiki cha kupakilia kinachokuja sandukuni usikitupe. Nyuma ya magazini mna matundu yenye tarakimu, na kwa kuyatazama unajua umepakia ngapi. Jambo la manufaa kuliko linavyoonekana ni kwamba magazini ndefu ya Glock 17 inaingia katika Glock 19 na kufanya kazi, ikitokeza chini kidogo. Kwa uwanjani inakupunguzia kupakia.

Vilengeo vya kiwandani ni vya polima: nukta nyeupe mbele, na nyuma mstari mweupe wenye umbo la kikombe, hivyo ukilenga sawasawa nukta inakaa kama yai ndani ya kiota. Macho huzipata haraka mchana. Katika mwanga hafifu hazina msaada mkubwa, na kwa mtu anayeitoa na kuirudisha bastola katika ala kila siku, ningependelea za chuma. Za kwangu bado ni zile zile, kwa kuwa ninafanya mazoezi mchana.

Kuifungua kwa usafi ni kazi ya chini ya dakika moja, nayo ina sharti moja ambalo ni lazima lisemwe kwa sauti: ili slaidi itoke, inabidi kwanza kuvuta kifyatulio. Kwa hiyo mtu aliyesahau risasi moja ndani ya chemba ataifyatua mezani kwake. Utaratibu wangu hauna njia ya mkato. Naondoa magazini na kuiweka mbali. Navuta slaidi na kuifunga nyuma. Naangalia chemba, naingiza ncha ya kidole kidogo ndani yake, natazama pembeni kidogo, kisha naangalia tena upya. Ubavuni mwa slaidi, ile ndoano ya kutolea maganda hutokeza kidogo chemba ikiwa na risasi, na kidole kinaweza kuihisi hata gizani, ila mimi naichukulia kuwa dokezo tu, kamwe si uthibitisho. Baada ya hapo ndipo bastola inaelekezwa mahali salama na kifyatulio kinavutwa.

Ikishafunguka unabaki na vitu vinne mezani: slaidi, mtutu, springi na fremu. Ndani ya slaidi ya bastola mpya utaona grisi yenye rangi ya shaba. Usiifute. Kijitabu cha mtengenezaji kinasema iachwe, kwa sababu inasaidia sehemu mpya zizoeane. Mafuta mengine ni matone machache tu: kwenye mtutu, kwenye njia za reli, na tone moja mahali ambapo fito ya kifyatulio inakutana na kipande kidogo cha chuma upande wa nyuma wa fremu. Mwanzoni nilimimina mengi kwa kudhani ndiyo matunzo, nikaishia kuona masizi ya baruti yamegeuka tope jeusi.

Je, inamfaa mmiliki wa kwanza? Inamfaa yule aliye tayari kulipia masomo na risasi za mazoezi pamoja na bastola yenyewe, na anayetaka chombo kimoja kitakachofanya kazi ya uwanjani, ya nyumbani na ya kubebwa. Anayetaka bastola ya kufichika chini ya shati jepesi ataiona nene, kwa maana upana wake ni milimita 34 na mpini wake huchomoza. Anayehitaji loki ya kidole gumba ili alale kwa amani asibembelezwe; zipo bastola nzuri zilizo nayo, naye atafute hizo.

Mimi nabaki nayo. Kwa mita 7, risasi zangu 10 sasa zinaingia katika eneo la ukubwa wa kiganja, katikati ya shabaha. Kwa mita 15 bado zinatawanyika upana wa sahani, nyingi zikielekea tena kule chini kushoto, na mkufunzi ameniahidi magazini nyingine yenye risasi bandia.